Uzi: Christopher Tin, aliyetunga "Baba Yetu", alivyonirudisha kwenye Kiswahili changu

#1 Mwalimu wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ninao kichwani tangu Kwaresima. Leo umeme umekatika huku kwetu, mazoezi yameahirishwa, kinanda kimenyamaza, nimeona niandike kabla simu haijazima. Ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, atausoma akitulia.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tanga, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Nilianzia sauti ya nne nikiwa kijana, mwalimu wetu alipohama nikakabidhiwa ubao na chaki. Tunaimba kwa nota za do re mi: nazichora ubaoni, wanakwaya wananakili kwenye madaftari, tunaimba nota kwanza ndipo tunaweka maneno. Yaliyomo humu ni ya mtu wa ubaoni. Waliosoma muziki chuoni watanisahihisha, na nawaomba wafanye hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wa besi alinijia na simu. "Mwalimu, sikiliza, Wazungu wanaimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili." Nikaweka spika za masikioni. Ngoma zikaanza, mwimbaji mmoja akaita, umati ukaitikia. Nikamwambia arudie. Alipomaliza nikamwambia arudie tena. Orkesta ni kubwa kweli, lakini siyo iliyonishika. Kilichonishika ni kwamba maneno yalikuwa yamekaa. "Baba" ilisikika baba, "yetu" ikasikika yetu, uzito wa wimbo ukaangukia pale ambapo mimi na wewe tungeuweka tukizungumza barazani.

Usiku ule nilifungua daftari la nyimbo nilizotunga mwenyewe nikaanza kuziimba moja moja kwa sauti ya chini, mke wangu amelala. Sikufika wa tano nikalifunga. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza mjue habari za huyu mtunzi.

#2 Mwalimu wa Chumbageni

Christopher Tin si Mzungu kama kijana wangu alivyodhani. Ni Mmarekani ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Hong Kong. Amezaliwa California mwaka 1976. Chuo Kikuu cha Stanford alisoma utunzi wa muziki pamoja na fasihi ya Kiingereza. Naomba hilo la fasihi mlishike, kwa sababu kazi yake yote imejengwa hapo: huyu ni mtu anayeanza na maandishi. Baadaye alikwenda London, Royal College of Music, kusomea muziki wa filamu.

Alipokuwa Stanford aliishi chumba kimoja na Soren Johnson. Miaka ikapita, Johnson akawa mbunifu mkuu wa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, ambamo mchezaji anaanzisha taifa tangu zama za kale na kulikuza. Akahitaji muziki wa kufungulia mchezo, akamkumbuka mwenzake. Tin naye akakumbuka kundi la waimbaji wa chuoni kwao, Talisman, ambalo lilikuwa likiimba nyimbo za Afrika bila ala. Hapo ndipo wazo la Kiswahili lilipotokea. Mchezo ulitoka mwaka 2005, na wanaoimba kwenye toleo lile la kwanza ni Talisman wenyewe.

Maneno yaliwekwa sawa na Mkenya aliyekuwa katika kundi hilo, Chris Kiagiri. Watu wengi wanaliruka jina hili wanaposimulia, nami naona ndiyo kiini cha habari nzima. Tin hakuchukua kamusi akajifungia chumbani. Alimtafuta mtu mwenye lugha, wakakaa pamoja. Ndiyo maana sala ile haikufuata neno kwa neno tunavyoisali kanisani: "yetu" inarudiwa, mahali pengine maneno yamepangwa upya, na muitikio umeingizwa katikati. Mwenye lugha alikuwa na ruhusa ya kuikunja ili ikae kwenye wimbo bila kuivunja.

Kisha mwaka 2009 Tin akaurekodi upya kwenye albamu yake ya kwanza, Calling All Dawns, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, katika kundi la mpangilio wa ala zinazosindikiza waimbaji. Ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuchukua Grammy tangu tuzo hizo zianze. Usiku huohuo albamu nzima nayo ikapata yake.

Kwa hiyo muziki wa michezo ya kompyuta ulipoingia kwenye orodha ya Grammy mara ya kwanza, uliingia kwa Kiswahili. Nilipowasimulia wanakwaya wangu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga nao.

#3 Kijana wa Makorora

Mwalimu umenirudisha mbali sana. Sisi wimbo huu tuliujua kwenye kafe ya intaneti, tulikuwa tunalipia saa moja watu watatu kompyuta moja. Mchezo ukifunguka tunaacha kubonyeza, tunangoja wimbo uishe kwanza. Mimi ni Muislamu na ile ni sala ya Wakristo, lakini nilikuwa najisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake ugenini. Hatukujua aliyetunga. Endelea mwalimu, tupo.

#4 Mwalimu wa Chumbageni

Ahsante mdogo wangu. Naendelea na hiyo albamu, kwa sababu ndipo unapoona Kiswahili hakikuwa bahati nasibu.

Calling All Dawns ina nyimbo 12 kwa lugha 12. Kinatangulia Kiswahili, kisha Kijapani, Kichina, Kireno, Kifaransa, Kilatini, Kiairishi, Kipolandi, Kiebrania, Kiajemi, Kisanskriti, na mwisho Kimaori cha New Zealand. Zimepangwa kwa mafungu matatu: mchana, usiku, alfajiri. Fungu la usiku ndilo la kifo na maombolezo, na humo mna maneno ya Kilatini ya Misa ya wafu. Fungu la alfajiri lina beti za Omar Khayyam kwa Kiajemi na maneno ya Bhagavad Gita kwa Kisanskriti. Kazi nzima imekusudiwa kuzunguka kama siku inavyozunguka, ukimaliza unaanza tena.

Sasa fikirini kazi aliyojitwika. Kila lugha ina mwendo wake. Kifaransa kinaegemea mwisho wa fungu la maneno. Kipolandi kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Kijapani kinahesabu vipande vya sauti vilivyo sawasawa. Kichina sauti ikipanda au ikishuka neno linakuwa jingine. Mtunzi mvivu angetunga tuni 12 kisha akayasukumiza maneno ndani. Ukisikiliza Tin unasikia mtu aliyeuliza kwanza: ninyi mnaposema neno hili, linasimamia wapi?

Mwaka 2014 akatoa The Drop That Contained the Sea, kwa mtindo uleule wa lugha nyingi, safari hii kila wimbo ni maji katika hali yake mojawapo. Afrika imo mara mbili. Kuna wimbo wa Kixhosa, na wa kufungia ni wa Kilango cha Uganda, Waloyo Yamoni, litania ya kuomba mvua. Wanaoimba wanauambia upepo kwamba wameushinda. Wazee wetu wa Handeni na Korogwe waliokaa wakitazama wingu linapita wangeielewa bila mkalimani.

#5 Mwalimu wa Chumbageni

Sasa nirudi kwenye daftari langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Miaka ile nilikuwa nimetunga wimbo wa kujibu maombi, kiitikio chake ni maneno matatu tu: Utukumbuke, Bwana, utukumbuke. Nilianza na tuni, kama nilivyozoea. Nikaipenda tuni, nikayashindilia maneno. Ubaoni niliandika hivi (m ni mi, f ni fa, s ni so, l ni la), pigo zito likiwa mara tu baada ya mstari wa kusimama:

| m : f | m : l | s : f | m : – |
| U – tu – | ku – mbu – | ke, Bwa – | na |

Tuliimba Jumapili nyingi. Siku moja mazoezini mama mmoja wa sauti ya pili, mzaliwa wa Pangani, mtu mzima ambaye hajui nota hata moja na anashika kila kitu kwa sikio, aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, samahani. Hapa naona tunaimba Kizungu kwa maneno ya Kiswahili." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Mimi nikimwita Mungu nasema Bwana. Wewe unatuimbisha bwa-NAA."

Sikumwelewa. Nilimjibu kwa heshima kwamba wimbo una taratibu zake, tukaendelea. Nilikuja kumwelewa usiku ule wa simu ya kijana wa besi.

Tazameni tena ubaoni. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: utukuMBUke, BWAna. Mimi pigo zito nimelipa "ku", nikalipa "ke", nikamalizia kwa "na" na kuivuta. "Mbu" na "Bwa", zenye haki ya kusimama, nimeziweka kwenye mapigo mepesi. Kila kitu kimekaa kinyume.

Na mkazo si urembo. Hapa Tanga tuna mfano tunaoukanyaga kila siku. Sema "baraBAra", umetaja njia, kama hizi za Ngamiani zinazohesabiwa ya kwanza, ya pili, hadi huko mbele. Sema "baRAbara", umesema sawasawa, vizuri kabisa. Herufi ni zilezile. Anayeweka pigo ndiye anayeamua msikilizaji asikie nini.

Tulikopata tabia hii napajua. Nyimbo nyingi za kanisa tulirithi tuni zake Ujerumani na Uingereza. Kwao mstari wa wimbo mara nyingi unaishia kwenye silabi nzito, maana lugha zao zina maneno mengi ya silabi moja. Wafasiri wakahesabu silabi, zikatosha, wakaridhika. Lakini Kiswahili karibu hakina neno linaloishia na mkazo. Kwa hiyo kila mwisho wa mstari tunamvuta Bwana, Yesu, mbingu, neema, kwa mkia. Tumelelewa hivyo mpaka tukaamini ndivyo wimbo mtakatifu unavyopaswa kusikika, na sisi watunzi wenyeji, tusiofasiri chochote, tukaendelea kufanya vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo hoja yangu, wakuu. Mtu ambaye Kiswahili si lugha yake alikwenda kuuliza. Sisi tuliozaliwa nacho hatukuuliza, kwa sababu tulidhani tunacho.

#6 Barabara ya Kumi na Mbili

Mwalimu assalaam alaykum, wengine jioni njema. Naheshimu uliyoandika, ila naomba nikupinge kidogo, kwa sababu mimi nimekulia kwenye taarabu na si kwaya.

Mji huu kabla ya simu na intaneti ulikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Bi Shakila aliimba hapa. Mashairi yalikuwa yanatungwa kwanza na washairi, yakapimwa mizani, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ndipo yakapelekwa kwa wapigaji. Kwa hiyo hilo la kuanza na maneno hatukufundishwa na Mmarekani, babu zetu walilijua. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani hapo, kazikwa Machui hapo.

Lakini hebu sikiliza mtu anaposoma utenzi kwa sauti yake ya jadi. Kina cha mwisho anakivuta! Silabi ya mwisho kabisa, isiyo na mkazo, ndiyo inayokaa muda mrefu kuliko zote. Na hakuna Mswahili anayelalamika kwamba lugha imeharibiwa. Mizani yetu inahesabu silabi, haihesabu mikazo. Sasa kwa nini wewe ukivuta "na" ya Bwana iwe kosa, na mghani akivuta kina iwe sanaa? Huoni unaweza kuwa unatupimia muziki wetu kwa sikio la orkesta?

Sijasema kwa ubaya, mwalimu wangu. Nataka kujua kwa dhati.

#7 Mwalimu wa Chumbageni

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umenikamata mahali pa kweli. Nimekaa na swali lako tangu asubuhi, nimeghani beti kadhaa za utenzi peke yangu nikitembea kwenda Raskazone, nikisikiliza kinywa changu kinafanya nini.

Nilichokisikia ni hiki. Mghani anavuta kina, lakini hakipigi. Sauti ya mwisho inaelea kama pumzi inayotolewa, inampa msikilizaji nafasi ya kukionja kina. Mkazo wa neno ulishapita salama kabla yake. Na hakuna ngoma chini wala watu arobaini wanaokanyaga pigo kwa pamoja. Kwaya ni kitu kingine: sauti nne zinaangukia pigo moja, kinanda kinagonga chini, na silabi iliyoko pale inapigiliwa kama msumari. Kurefusha na kupigilia ni vitu viwili, nami nilikuwa nimevichanganya.

Kwa hiyo nakubali nusu ya hoja yako na nairekebisha yangu: silabi ya mwisho kuwa ndefu siyo kosa. Kosa ni kuipa pigo zito na kuinyang'anya jirani yake. Na hilo la taarabu nakushukuru, nilipaswa kulitaja mwenyewe. Mshairi kupimiwa nafasi yake kabla ya mpiga fidla ni urithi wa mji huu. Makwaya tuliishi mtaa wa pili na hatukwenda kujifunza.

#8 Mama wa Muheza

Shikamoo kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Mimi ni Mlutheri, naimba sauti ya kwanza. Mwalimu, hili la mkazo kuna wamisionari waliliona. Marehemu Howard Olson aliyefundisha Makumira, chuo chetu cha Kilutheri, alihangaika kukusanya tuni za makabila yetu zikatiwa maneno ya Kiswahili, kile kitabu cha Tumshangilie Mungu. Ukiimba zile, ulimi haukwami. Ziko pia nyimbo zake zilizokwenda kuimbwa makanisa ya ng'ambo.

Nina maswali mawili. Nimeangalia kwaya za nje zikiimba Baba Yetu, wengine wanasema "em-binguni". Hilo nalo ni kosa la mtunzi? La pili, tunaweza kuuimba ibadani?

#9 Mwalimu wa Chumbageni

Marahaba dada yangu. La kwanza si la mtunzi, ni la waalimu wa zile kwaya. Wageni wakiona m na b pamoja wanadhani m ni silabi. Kwenye "mtu" na "msamaha" ni silabi kweli, inahesabiwa na inastahili nota yake. Kwenye "mbinguni" imeungana na b, unaisema kwa mdomo mmoja: mbi-ngu-ni, silabi tatu. Halafu uende kwenye "nchi" uikute n inasimama peke yake na kubeba mkazo. Ukimfundisha mgeni anza na hayo, mengine atayapata. Hata watoto wetu wa kipaimara nawafanyisha zoezi hili, wanapiga makofi kwa kila silabi.

La pili, huo ni uamuzi wa mchungaji wako. Mimi binafsi kwenye Misa siutumii mahali pa Sala ya Bwana, kwa sababu maneno yamepangwa kiwimbo na sala ya waumini inatakiwa iwe ile wanayoijua. Kwenye tamasha, harusi, au baada ya ibada, tunauimba kwa moyo wote.

#10 Kijana wa Makorora

Mwalimu, swali la maisha. Mtu anaishije kwa kutunga nyimbo za kwaya? Huyu Tin alitajirika na ule wimbo mmoja au vipi?

#11 Mwalimu wa Chumbageni

Mfuko wake siujui, nitakueleza njia alizopita.

Ule wimbo wa mchezo ulimtambulisha, lakini albamu ya kwanza aliitoa mwenyewe. Nota za kazi zake anazichapisha kupitia kampuni yake mwenyewe, kwa hiyo kwaya ya shule huko Marekani ikitaka kuimba Baba Yetu inanunua nota, nakala kwa kila mwimbaji, na ikiuimba hadharani kuna malipo ya hakimiliki. Kwaya ni nyingi, na wimbo mmoja unaoimbika unalipa polepole kwa miaka. Alipotaka kutengeneza To Shiver the Sky, kazi kuhusu binadamu kutamani kuruka, aliwaendea wapenzi wake kwenye mtandao wa kuchangisha wakampa zaidi ya dola 200,000. Ikatoka mwaka 2020. Ndani yake mna Sogno di Volare, wimbo wa Kiitaliano kwa maneno yatokanayo na Leonardo da Vinci, alioutunga kwanza kwa ajili ya Civilization VI mwaka 2016. Unaona alivyofanya: mchezo unalipa wimbo, wimbo unazaa albamu, albamu inapeleka nota kwenye makwaya.

Huku kwetu, nisimulie langu moja. Tuliwahi kurekodi mjini, nyimbo kumi, saba za kwangu. Kasha lilipotoka lilikuwa na picha yetu, jina la kwaya, na namba ya simu ya studio. Jina la mtunzi halikuwepo hata kwenye wimbo mmoja. Mashairi mawili yalikuwa ya mzee aliyekuwa ameshafariki, mjane wake alinunua nakala akanijia akiwa ameishika, akaniuliza jina la mume wake liko ukurasa gani. Sikuwa na la kumwambia. Nilirudi studio, wakasema makasha yameshachapwa.

Tangu siku ile kila nota ninayochora, juu kushoto naandika mwenye maneno, juu kulia mwenye tuni, na mwaka. Wanakwaya wanaponakili kwenye daftari lazima wanakili na majina. Sheria yetu inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi. Walimu wenzangu, pelekeni nyimbo zenu. Kwenye Baba Yetu jina la Kiagiri limeandikwa. Yule mjane alikuwa anaomba kitu hichohicho tu.

#12 Mwalimu wa Chumbageni

Nimalizie kazi zake za karibuni, maana mbili kati yake nazipenda kuliko hata Baba Yetu.

Mwaka 2022 alitoa The Lost Birds, akishirikiana na waimbaji wanane wa Uingereza, VOCES8. Safari hii hakuna lugha 12. Yote ni Kiingereza, lugha yake, na maneno mengi ni ya washairi wanawake wa zamani kidogo: Emily Dickinson, Christina Rossetti, Sara Teasdale, Edna St. Vincent Millay. Ni maombolezo ya ndege waliotoweka duniani. Amerika Kaskazini kulikuwa na njiwa waliokuwa wakipita makundi makubwa kiasi cha kufunika jua, wakawindwa mpaka wakaisha, wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Tin anawaombolezea bila kelele. Sauti nane, nyuzi chini yake. Kuna mahali waimbaji wanashuka pamoja taratibu mpaka unasikia pumzi zao. Nilisikiliza mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala narudi kutoka Muheza, nikawaza juu ya Amani, ule msitu ulio juu yetu pale wenye ndege wadogo ambao hawapatikani karibu popote pengine duniani. Hakuna mtunzi wa kwetu aliyewaimba bado, nao wapo hai.

Ya pili ni ya mwaka 2024. Mtunzi wa Kiitaliano Puccini alifariki mwaka 1924 akiwa hajamaliza Turandot, opera yake, yaani igizo linaloimbwa, na kwa karibu miaka mia moja ikawa inaimbwa zaidi na mwisho ulioandikwa na mtu mwingine, Franco Alfano, ambao wengi hawakuuridhia. Washington National Opera wakamkabidhi Tin atunge mwisho mpya, maneno yakiandikwa na Susan Soon He Stanton. Hadithi yenyewe imewekwa China. Yule kijana wa wimbo wa mchezo wa kompyuta sasa anakalia kiti cha Puccini, na tena kaanza kwa kumtafuta mwandishi wa maneno.

Miaka karibu ishirini tangu Baba Yetu, na njia yake haijabadilika.

#13 Barabara ya Kumi na Mbili

Mwalimu nimekuelewa kwenye kupigilia na kurefusha. Nimemsomea mjomba wangu jibu lako, yeye alipiga akodiani zamani. Kasema, "Mwambie aje, nimwonyeshe tulivyokuwa tunamngoja mwimbaji amalize neno." Njoo siku yoyote baada ya Isha.

#14 Mwalimu wa Chumbageni

Nitakuja Alhamisi, na nitakuja na yule mama wa Pangani, maana yeye ndiye mwenye sikio.

Umeme umerudi jana. Nimefuta ubao nikaandika kiitikio upya. Nota ni zilezile saba, sikubadilisha hata moja. Nimesogeza mstari tu, "u" ikaanza kabla ya pigo:

: m | f : m | l : s | f : m |
: u – | tu – ku – | mbu – ke, | Bwa – na |

"Mbu" imepata nota ya juu na pigo zito kwa pamoja. "Bwa" imekaa kwenye pigo, "na" inashuka yenyewe. Tuliimba mara ya kwanza bila kinanda. Nilimtazama mama wa sauti ya pili. Alikuwa amefunga daftari, anaimba macho yakiwa dirishani, na tulipomaliza alisema tu, "Turudie, mwalimu, kabla hawajazima tena."